Kadi ya Sauti ya Mwalimu Kaanaeli

Vijana mnaofika kwangu Jumamosi mna swali moja ambalo mmelirudia mpaka nimelizoea. Kwa nini, kadi ikishakamilika na mita ya kupimia umeme ikishaonyesha kila kitu kiko sawa, bado natoka uani kumwita mtu asiyejua chochote kuhusu kompyuta aje asikilize? Juzi ilikuwa zamu ya mama anayetuletea maziwa. Alisikiliza, akasema inalia kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi, akabeba ndoo yake akaondoka. Mlicheka sana. Mimi niliwasha tena chuma cha kulehemu, kwa sababu mama alikuwa amesema kweli. Kapasita moja, kipande kinachohifadhi umeme kidogo kidogo, ilikuwa imechoka.

Jibu la swali lenu ni refu, na kwa mdomo huwa nalikatiza njiani. Nimeona niliandike.

Kwanza muelewe kwamba hii haikuwa kazi yangu. Kazi yangu ilikuwa redio na luninga. Nilianza katika karakana ya kiwanda hapa Arusha. Kiwanda kilipopata mmiliki mpya tukapunguzwa, nami nikaweka meza yangu ya ufundi mtaa wa Daraja Mbili na kuikalia hadi macho yalipoanza kuniambia imetosha. Kuunda upya vipande vya kompyuta za nyumbani za zamani, zile ambazo kibodi na mashine yote viko ndani ya kisanduku kimoja, zinazochomekwa kwenye luninga na kusoma programu kutoka kwenye kaseti, hayo yalikuwa mapenzi tu. Hakuna aliyenituma. Sikusoma chuo. Nilisoma vitabu vya Kiingereza huku kamusi ikiwa pajani, na pale kamusi iliposhindwa nilimwendea Mwalimu Kaanaeli.

Mwalimu Kaanaeli alikuwa Mmeru wa huku juu, njia ya kwenda Momela. Alifundisha hesabu sekondari, na jioni alifundisha kwaya za Kilutheri. Ndiye aliyenionyesha jinsi kompyuta inavyohesabu kwa namba mbili tu, akitumia punje za mahindi juu ya meza ya jikoni, mpaka mkewe akazidai punje zake akapikie makande. Alikuwa na sauti ya tena, ile ya tatu katika kwaya, ambayo watu waliivukia mto kwenda kuisikiliza. Alipotaka sauti ya kwanza wajifunze wimbo, aliwaimbia yeye mwenyewe. Sauti ya pili vilevile, na ya tatu. Besi aliwaambia wafuate tu.

Halafu koo lake likaugua. Alifanyiwa upasuaji, akapona, lakini sauti haikurudi. Kilichobaki kilikuwa mnong'ono, kama mtu anayesema na wewe huku mtoto amelala chumbani.

Kwaya nyingi za wakati ule hazikusoma nota vizuri. Zilijifunza kwa kuimbiwa. Mwalimu wa kwaya asiyeweza kuimba alikuwa kama mpishi asiye na moto. Kilichomwokoa ni kompyuta ndogo aliyoachiwa na mchungaji wa Kizungu aliyerudi kwao, pamoja na kadi ya sauti iliyochomekwa mgongoni mwake. Kadi ile iliweza kutoa sauti tatu kwa pamoja. Mwalimu aliandika programu yake mwenyewe: unaandika do, re, mi kama zilivyo kwenye karatasi ya wimbo, nayo inapiga. Akarekodi kila sauti kwenye kaseti, akazigawa kaseti mitaani: Momela, Kisongo na kwingineko. Besi hawakupata kaseti, kwa kuwa kadi ilikuwa na sauti tatu tu. Waliendelea kufuata.

Zilikuwa siku ambazo nchi ilikuwa imefungua milango. Vitu ambavyo zamani uliviomba kwa barua na mihuri sasa vilining'inia madukani: redio kubwa zenye taa za rangi, luninga zilizotumika kutoka Dubai, na vinanda vya umeme vinavyopiga ngoma vyenyewe. Kamati ya uimbaji ikaviona vinanda hivyo. Wajumbe wakaanza kuuliza, kwa heshima kabisa, kama si wakati wa Mwalimu kupumzika na mtu mwenye kinanda akachukua kwaya. Mwalimu akaomba aachwe hadi tamasha la kwaya linalofuata. Wakakubaliana hivi: siku ya mazoezi ya pamoja, kwaya zote zikifika zimeiva, anaendelea. Zisipoiva, anapumzika.

Katikati ya masika panya akaingia ndani ya kisanduku cha kadi.

Mkojo wa panya ni adui mkubwa kuliko radi. Radi huua sehemu moja, ukaiona. Mkojo hula njia za shaba pole pole, kote. Mwalimu aliniletea kadi ile imefungwa kwenye kitambaa cha mezani, akaiweka mbele yangu. Njia za shaba zilikuwa za kijani kama majani ya mgomba. Chipu ya sauti yenyewe nilipoisafisha kwa spiriti ilionekana nzima. Ubao unaoibeba ulikuwa umekwisha.

Nikamwambia nitamtengenezea mwingine unaofanana. Nilisema hivyo kabla sijajua kama ninaweza, na sishauri mfanye hivyo, ila sijui ningesema nini kingine mbele ya uso ule.

Sasa sikilizeni ufundi. Ubao wenye shaba niliukata kutoka kwenye mabaki ya karakana. Njia nilizinakili kwenye karatasi laini juu ya kioo cha dirisha, kwenye mwanga. Ubao wa kwanza niliuchora kinyume, kama sura kwenye kioo, kwa kuwa nilisahau kwamba njia hutazamwa kutoka chini na chipu hukaa juu. Niligundua hilo baada ya kutoboa matundu yote. Ubao ule mnaujua, ndio ninaowekea kikombe cha chai.

Ili shaba isiliwe na asidi pale inapotakiwa kubaki, unahitaji kuifunika. Rangi maalumu haikuwepo mjini. Jirani yangu mezani alikuwa mchoraji wa batiki kwa ajili ya watalii, akaniazima kalamu yake ya nta. Nta ya nyuki iliyotoka huku mlimani inashika shaba kuliko rangi ya kucha, mradi uipashe mpaka itiririke bila kutoa moshi. Mkono wangu ulitetemeka, wake haukutetemeka, kwa hiyo njia nyembamba alizichora yeye, akilalamika kwamba picha yangu haina hata twiga mmoja. Kisha ubao ukaingia kwenye maji makali ya betri yaliyozimuliwa na kuchanganywa na dawa ya vidonda ya duka la dawa, ile inayotoa povu. Fanyeni uani, upepo ukiwa mgongoni. Asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Na kabla ya kumwaga chochote, tieni magadi mpaka kinyamaze kuchemka. Mke wangu alinunua magadi kwa ajili ya maharage, akashangaa yanakwisha haraka.

Kilibaki kitu kimoja. Kadi ya sauti ina kikopo kidogo cha bati kinachoitwa kristali. Ndicho kinachoipa mapigo, kama mpiga ngoma anayewaongoza wachezaji. Cha zamani kilikuwa kimekatika miguu yote miwili, na kutu ilikuwa imekula maandishi. Nikaenda kwa Godlisten.

Godlisten alikuwa na duka la vipuri jirani na meza yangu. Alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu, Mchaga wa Machame, mwenye kinanda cha umeme nyuma ya kaunta alichokipiga wateja wakiwa wachache. Ndiye ambaye kamati ilikuwa ikimnyemelea, naye alikuwa akijifanya haelewi. Akachambua kopo la kristali alizong'oa kwenye luninga za rangi zilizokufa, akanipa moja yenye ukubwa uleule.

Nikamuuliza kama ni sawa na ile ya zamani.

"Fundi, miguu miwili, bati, inaingia. Unataka nikupe na cheti chake cha ubatizo?"

Sikuwa na chombo cha kupimia mapigo. Nikaichomelea. Ikawaka, na kadi ikalia mara ya kwanza ilipowashwa. Nikapiga do, mi, so, do ya juu. Zilipanda kwa umbali uleule wa siku zote, safi, hakuna iliyoyumba. Nikapiga wimbo mzima. Ulikuwa safi. Mkumbuke kwamba sisi tulikuzwa kwa do, re, mi. Do inaweza kuanzia popote. Ukianza juu kila kitu kiko juu, ukianza chini kila kitu kiko chini, na wimbo ni uleule. Aliyekuzwa hivyo husikia umbali kati ya nota. Mahali nota yenyewe inaposimama hapamsumbui.

Nikampelekea Mwalimu nyumbani. Juu ya karatasi ya wimbo wa tamasha paliandikwa kwamba do ni G, nota ya kinanda isiyohama. Nikawasha, nikapiga, nikamwambia, "Do yako hii hapa Mwalimu. G."

Akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaomba tena. Halafu akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kunishukuru. Mimi nikadhani ni furaha.

Akarekodi kaseti mpya, zikaenda mitaani. Wiki chache baadaye Mama Naserian wa Kisongo akasimama mbele ya meza yangu, kaseti mkononi. Yeye ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza kule, mama mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka bonde la pili. Hakunisalimu kwanza, na kwa Mama Naserian hiyo ilikuwa dalili mbaya.

"Fundi, hiki kitu chako kinatuchana makoo. Mwalimu anataka tuimbe au tupige yowe?"

Nilimwuliza kama amemwambia Mwalimu. Alikuwa amemwambia, na Mwalimu alikuwa amenong'ona kwamba wafanye mazoezi zaidi. Hilo lilimkera kuliko kaseti. Mwalimu aliyemjua yeye, alisema, angeimba kwanza mwenyewe ndipo amwambie mtu afanye mazoezi. Kisha akaiweka kaseti mezani taratibu, kwa kuwa alikuwa amesikia alichokisema.

Kilichonichanganya ni kwamba Momela hawakulalamika. Kaseti ileile, wimbo uleule, na wao walisema ni mwepisi. Godlisten alieleza kwamba watu wa Momela wamezoea baridi na ukungu, vifua vyao ni vya chuma. Karibu nimwamini.

Kisha Momela wakaniita. Si kwa ajili ya wimbo, bali kwa sababu redio yao ya kaseti ilikuwa imeanza kuvuta maneno kama mlevi. Nilikwenda siku ya mazoezi yao. Kisongo walikuwa wakipigia kaseti kwenye umeme wa zahanati. Momela hapakuwa na umeme. Walitumia betri, na zikichoka walizianika juani, kama tulivyofanya wote, ili zifufuke kidogo. Nilifungua redio, nikaikuta nzima. Nikatoa betri zilizoanikwa na kuungua jua mara nyingi kuliko matofali, nikaweka mpya nilizokuja nazo, nikabonyeza kitufe.

Wimbo ukapanda. Kwaya nzima ikanitazama. Mzee mmoja wa besi akaniambia taratibu, kwa upole wa kumrekebisha mgeni, kwamba huo si wimbo wao.

Nilisimama pale na betri za zamani mikononi. Zilikuwa zimechoka kiasi cha kuzungusha utepe pole pole, na kwa kuchoka kwao zilikuwa zimeurudisha wimbo chini mahali pake. Momela waliimba sawa kwa sababu ya betri mbovu. Kisongo, wenye umeme mzuri, waliimba kile hasa ambacho kadi yangu ilitoa.

Nikateremka mjini moja kwa moja hadi dukani kwa Godlisten. Yeye akapiga G kwenye kinanda, mimi nikaweka kaseti. Hata asiyejua muziki angesikia. Kristali ya luninga ilikuwa inakimbia kuliko ile ya zamani, na kila nota ilikuwa imepanda pamoja na wenzake, karibu hatua nzima. Godlisten aliacha kutania. Aliuliza kwa nini Mwalimu hakusema, masikio kama yale.

Siku iliyofuata nilimwomba Mwalimu aje dukani na kompyuta yake. Njiani nilifikiri jinsi ya kumweleza, na nikaamua nisimweleze. Niliona kwamba mara ya kwanza ndipo nilipoharibu: nilimpa jibu kabla hajasikia swali. Kwa hiyo alipokaa kwenye kiti cha wateja, nilimwambia tu kwamba nitapiga sauti mbili, ya kinanda na ya kadi, naye aniambie anasikia nini.

Sijawahi kumwona mtu akiogopa hivyo mbele ya kinanda. Alikuwa ameshika magoti. Mkewe, aliyekuja naye, akatazama pembeni.

Godlisten akapiga. Mimi nikapiga.

Mwalimu alikaa kimya muda mrefu. Kisha akanong'ona, na tukalazimika kuinama ili tumsikie.

"Mimi nasikia yako iko juu."

"Iko juu, Mwalimu. Iko juu tangu siku niliyokuletea. Kristali niliyoweka siyo."

"Ulisema ni G."

"Nilisema. Sikuwa nimepima."

Akafunika uso kwa viganja. Mabega yalitikisika, na mimi nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi, mpaka alipoondoa mikono nikaona anacheka, kile kicheko kisicho na sauti kilichombakia, machozi yakimtoka.

"Kwa hiyo masikio yangu ni mazima," alisema.

Ndipo mkewe akatusimulia ambayo Mwalimu mwenyewe asingeyasimulia. Siku ile ya kwanza, kadi ilipolia, Mwalimu alisikia kwamba si G. Akasikia tena, na tena. Lakini mashine ilikuwa inasema G, na fundi anasema G, na yeye alikuwa mtu aliyekwisha kupoteza koo. Akaamini kwamba sasa masikio nayo yanakwenda. Mama Naserian alipolalamika, Mwalimu alisikia sauti yake mwenyewe ndani ya malalamiko yale, akaogopa kuikubali. Alikuwa ameamua kwamba kwenye mazoezi ya pamoja, ziive au zisiive, atasimama mbele ya kamati na kuwakabidhi kwaya.

Kristali sahihi ingechukua miezi kupatikana. Lakini programu ilikuwa ya Mwalimu. Kila nota ndani yake ilikuwa namba tu, na ukiongeza namba nota inashuka. Tukaanza palepale juu ya kaunta. Godlisten alishikilia G kwenye kinanda. Mimi niliandika namba, nikapiga. Mwalimu, macho yamefumbwa, alionyesha kwa kidole: chini. Nikaongeza. Chini tena. Nikaongeza. Juu kidogo. Sauti mbili zikikaribiana sana huanza kutetemeka pamoja, na kadiri zinavyokaribia mtetemo hupungua. Wateja wawili walikuwa wamesimama mlangoni wakiwa wamesahau walichokuja kununua. Mwalimu aliinua kiganja, na mtetemo ulikuwa umekwisha. Sauti mbili zilikuwa moja.

Nota nyingine alizipigia hesabu kichwani, kwa kuwa zote zilihitaji kuongezwa kwa kiwango kilekile, karibu sehemu moja ya kumi. Aliniambia namba, mimi nikaandika. Chai tuliyoletewa hakuigusa.

Siku ya mazoezi ya pamoja Momela na Kisongo walisimama upande kwa upande. Kaseti mpya zilikuwa zimefika mapema, na Momela walikuwa wamepelekewa pia betri mpya, pamoja na onyo kutoka kwangu. Godlisten alitoa do. Mwalimu akainua mkono, na ule mkono ulisema kila kitu ambacho koo lisingeweza. Mama Naserian alipanda hadi nota ya juu kabisa kama mtu anayepanda ngazi ya nyumbani kwake. Besi walifuata. Kamati haikupiga kura. Mwenyekiti aliuliza tu mazoezi yanayofuata ni lini, akimtazama Mwalimu.

Aliwafundisha miaka mingi baada ya hapo. Godlisten alipiga kinanda kando yake na kila mara alitoa do kwanza, kisha akageuka kumtazama. Mwalimu akitikisa kichwa kukubali, ndipo wanaanza. Kulikuwa na siku alikataa, wakakuta kinanda kimeguswa kitufe na kimesogea nusu hatua. Godlisten alikuwa na furaha siku ile kuliko siku aliyouza luninga tatu.

Kwa hiyo vijana, jifunzeni nta, magadi, na kuchora ubao kutoka chini. Hayo yote nitawafundisha, na mtayaweza kuliko mimi. Lakini ukimaliza kadi yako, na mita imeridhika, nenda mlangoni ukamwite mtu. Mkalishe. Usimwambie hiki ni nini wala kinatakiwa kilieje. Piga, halafu nyamaza, hata kama kimya kinakuwa kirefu. Huenda anasikia jambo, na anangoja tu aone kama ataruhusiwa kulisema.